Moyo wa Kwenye Faili

Barua ilifika Jumatatu saa nane mchana, na kabla ya saa tisa mtaa mzima ulikuwa umeshaisoma. Mama wa nyumba hiyo ni msusi, na msusi akipata habari njema huku mikono yake imo kichwani mwa mteja, habari haina pa kutokea ila mdomoni. Wateja watatu waliokuwa wakingoja barazani waliipokezana barua, kila mmoja akiishika kwa ncha za vidole kama sahani ya moto. Binti wa Msusi, ambaye kila mtu alimwita Kichwa, walimu wake wakiwamo, alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha tatu katika shule maalumu ya sayansi. Wanafunzi thelathini tu, nchi nzima. Bweni, maktaba, na maabara ambamo kila mwanafunzi ana hadubini yake. Msusi hakujua hadubini ni mdudu gani, lakini alifurahi kwamba binti yake hataazima ya mtu.

Aliyefika ukurasa wa pili ni mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama kichaka. Huyo ni mtu wa kusoma mpaka mwisho, hata maandishi ya chini ya chupa ya dawa ya kikohozi. Akasoma kwa sauti kwamba fomu irudishwe kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa, ikiwa na vitu viwili kutoka shule anayotoka mtoto: taarifa ya afya, na alama ya elimu ya viungo. Shule ile, barua ilisema, inamlea mwanafunzi mzima, akili na mwili, hivyo haipokei mwenye maradhi makubwa wala asiye na alama ya kufaulu uwanjani.

"Mwanafunzi mzima," Msusi alirudia. "Kwani wenzao huwa wanachukua nusu?"

Baraza lote lilicheka. Kichwa peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na begi mgongoni, na hesabu alikuwa ameshaipiga. Hesabu zake hazikuwa na desturi ya kukosea.

Tangu aingie sekondari, Kichwa alikuwa mgonjwa wa moyo. Ugonjwa wenyewe haukuwa kifuani, ulikuwa kwenye faili, na aliyeuweka humo ni baba yake mzazi.

Baba huyo ni karani wa masjala katika hospitali kubwa ya mji, chumba chenye mafaili kutoka sakafuni mpaka darini na feni inayozunguka ikijisikia. Mhuri wa hospitali unalala kwenye droo yake. Miaka miwili nyuma aliitazama ratiba ya masomo ya binti yake, akaona vipindi viwili vya michezo kila wiki, akaona wizi wa mchana kweupe. Mtoto mwenye akili kama ile, akimbizwe uwanjani kama kuku wa mgeni? Akakaa, akaandika barua kwamba mtoto ana tundu kwenye moyo la milimita nane, kwa hiyo asikimbie, asiruke, asirushe kitu wala asirushwe. Chini aliweka jina na sahihi ya daktari ambaye alikuwa ameshafariki. Hilo alijisifia sana. Daktari aliye hai anaweza kuulizwa. Marehemu hana neno.

Wala hakuwa mzazi peke yake. Darasa la Kichwa ndilo lililokusanya vichwa vyote vya shule, wanafunzi arobaini, na kumi na mmoja kati yao walikuwa mahututi kila Jumanne na Alhamisi kuanzia saa nne hadi saa tano kasorobo. Wanne pumu, watatu mgongo, wengine magoti, na mmoja barua yake ilisema jua linamdhuru, ingawa alitembea kilomita tatu kuja shule chini ya jua hilo hilo. Wenzao wakikimbia, wao walikaa kwenye benchi kivulini, na mwalimu wa hesabu aliwafuata hapo na ubao mdogo. Mkuu wa shule aliubariki mpango huo. Aliuita matumizi bora ya ugonjwa.

Mwalimu wa michezo, mwanamke mfupi aliyejazia, ambaye watoto walimwita Filimbi, alikuwa na mpira mmoja wa viraka na daftari moja la alama. Mtu aliyetazama miili ikikimbia kwa miaka ishirini anamjua mwenye pumu hata akiwa amempa mgongo. Lakini barua zina mihuri, na mhuri haubishani na mtu. Kila wiki, mbele ya jina la Kichwa, aliandika neno moja: moyo.

Karani alirudi jioni na chupa nne za soda, kwa kuwa habari zilikuwa zimeshamfikia njiani kwa midomo mitano tofauti. Alimkuta mkewe amekaa kimya. Msusi akinyamaza, ujue kuna msiba au anahesabu nywele. Kichwa alimweleza baba yake taratibu, kama anavyomweleza mtoto wa darasa la nne kugawanya kwa sehemu.

Karani alisikiliza, akafungua soda yake, akasema hilo ni jambo dogo. Kesho ataandika barua nyingine kwamba mtoto amepona.

Kichwa alimwambia kwamba tundu la milimita nane haliponi kwa kunywa maji mengi. Watataka karatasi za upasuaji.

"Basi tutaandika alipasuliwa."

"Na kovu?" Msusi aliuliza. "Kovu nalo utalipiga mhuri?"

Karani aliizungusha chupa mkononi, na aibu ya jambo hili ni kwamba alikuwa anafikiri kweli. Msusi alimwona anavyofikiri, akachukua chupa ya pili na kuifungua kwa meno.

"Hata nikipona, Baba, bado," alisema Kichwa. "Nikiwa mgonjwa hawanichukui. Nikiwa sina ugonjwa, alama ya viungo iko wapi? Miaka miwili nilikuwa wapi?"

Soda mbili zilizobaki zilikaa mezani mpaka zikaisha ubaridi.

Jumanne asubuhi wazazi wote wawili walikwenda shuleni, Karani kavaa suti ya harusi za watu. Mkuu wa shule aliwapokea kwa kicheko cha meno yote, kwani mwanafunzi akichaguliwa shule maalumu, picha ya mkuu hutundikwa ofisi ya elimu. Alipoelewa shida yao, meno yalirudi ndani mawili mawili. Lakini alikuwa mtu wa suluhisho. Faili, alisema, ni karatasi, na shule hii ina panya. Panya hawachagui. Wakila barua ya hospitali, nani atawashtaki? Na alama ya viungo, je, sabini inatosha, au tuweke sabini na mbili ionekane imetafutwa?

Karani alipumua kwa mara ya kwanza tangu jana. Akaona huyu ni mtu wa kufanya naye kazi.

Ila fomu ilikuwa na mstari mmoja uliotaka sahihi ya mwalimu wa somo. Filimbi akaitwa. Aliingia na vumbi la uwanja miguuni, akasoma fomu kwa kusimama, akairudisha mezani. Alisema hawezi kusaini alama ya mtu ambaye hajawahi kumwona akiharakisha. Kanuni inaruhusu mwanafunzi kujaribiwa: mizunguko minne ya uwanja ndani ya dakika kumi, na akishindwa anarudia mara moja. Akipita, yeye atasaini kwa mikono miwili.

"Basi ajaribiwe leo," alisema Karani.

"Simkimbizi mgonjwa wa moyo, mzee. Akianguka pale, nitamwambia nani kwamba ni moyo wa kwenye karatasi? Hospitali iliyoandika barua ndiyo iifute."

Karani alikohoa. Alieleza, kwa sauti ya majonzi, kwamba ingekuwa rahisi, ila bahati mbaya daktari aliyeandika ile barua ameshatangulia mbele ya haki.

"Najua," alisema Filimbi. "Alifariki mwezi wa pili. Barua yako ni ya mwezi wa tatu. Mimi nilikuwa mazishini."

Msusi alimgeukia mumewe polepole, kwa jicho ambalo wateja wake hulipata wakikataa kulipa. Kisha akamuuliza mwalimu, kwa heshima, kama aliyajua yote hayo, mbona alikaa kimya miaka miwili?

"Sikukaa kimya, mama. Nilisema."

Na hakumwangalia yeyote aliposema, lakini mkuu wa shule ghafla aliona kitu cha maana sana kwenye dari, akakitazama kwa muda mrefu.

Njiani kurudi Karani alitembea hatua tatu mbele ya mkewe. Nyumbani alivua koti la suti na kusema aliyokuwa ameyapanga njia nzima. Ana miaka kumi na minane kazini. Akienda kwa daktari mkuu na kusema mhuri wa serikali ameutumia hivi, hatafukuzwa tu, atafukuzwa na mfano atafanywa. Shule si hiyo moja. Hii ya hapa ina ubaya gani? Mtoto wa kwanza darasani atakuwa wa kwanza popote.

Msusi alimjibu mengi, na mengine hayaandikiki. Alimwambia kwamba mwanamume anayeweza kuutoboa moyo wa mtoto wake kwa kalamu asishindwe kuuziba kwa mdomo. Alimkumbusha kwamba chakula cha nyumba hii nusu yake kinatoka kwenye vidole vyake yeye, na vidole hivyo havina mwajiri wa kuvifukuza. Karani alisema heshima ya mtu ni kazi. Msusi akasema heshima ya mtu imelala kwenye droo karibu na kidau cha wino.

Kichwa alikuwa akisikiliza akiwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Hakuwa mtoto wa kulia. Alipozungumza alizungumza na sakafu.

"Hukuniuliza, Baba."

Karani alisema alifanya kwa faida yake.

"Najua. Lakini uliponifanya mgonjwa, kazi ya kuugua ukaniachia mimi. Ngazi napanda moja moja, watu wasishangae. Bombani wenzangu wananibebea ndoo, naona haya kuwakataza. Wakirudi uwanjani wananuka jasho wanacheka, nikiuliza wanacheka nini wananiambia ungekuwepo." Akakwangua sakafu kwa kidole cha mguu. "Na sasa hata nikitaka kukimbia pumzi sina. Usiku mwingine nikilala chali nausikiliza moyo, kwamba labda tundu lipo kweli."

Karani alikaa kitini na suruali yake ya suti, akatazama viatu. Alikuwa amewahi kuona maelfu ya mafaili ya wagonjwa, na hakuna hata moja lililowahi kuongea naye.

Jumatano saa mbili asubuhi alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya daktari mkuu, pamoja na binti yake. Mwandishi wa ofisi, ambaye hunywa naye chai kila siku, alimuuliza anasumbuliwa na nini. Karani akasema tumbo. Kichwa akamtazama. Karani akasema si tumbo, ni mambo ya kiofisi.

Daktari mkuu alikuwa mwanamke mwenye miwani minene na subira nyembamba. Alisoma nakala ya barua mara mbili huku Karani akieleza kwa sentensi ambazo zilianza vizuri na kupotelea katikati.

"Imeandikwa vizuri," alisema alipomaliza. "Nina madaktari hapa hawawezi kuandika hivi. Kwa nini milimita nane?"

"Niliona saba ni ndogo, daktari."

"Na zingine ziko ngapi?"

Karani alisema hakuna zingine. Kisha akasema moja. Kisha, kwa kuwa daktari alikuwa bado anamtazama, akasema mbili: pumu ya mtoto wa jirani na yule wa jua. Je, alilipwa? Hapana, alifanya kwa ujirani. Ingawa, kwa kuwa leo ni siku ya kusema, jirani mmoja aliwahi kuleta jogoo.

"Ulimla?"

"Tulimla, daktari."

Daktari mkuu alivua miwani, akajikuna kati ya macho, na Karani hakuweza kujua kama anazuia hasira au kicheko. Alinyoosha mkono, akadai ufunguo wa droo. Karani aliuchomoa kwenye shada la funguo, na ulikuwa mgumu kutoka, akahangaika nao kwa kucha na kwa meno huku daktari na Kichwa wakimngoja. Aliambiwa kesho apumzike nyumbani, na kuanzia Ijumaa ataripoti chumba cha kufulia, kusukuma toroli za mashuka, mpaka kamati ya nidhamu ikae. Kamati ikikaa itaamua ikitakacho. Pengine atabaki na toroli, pengine atabaki nyumbani.

Halafu daktari alimlaza Kichwa kwenye kitanda cha pembeni. Alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akampima, akampeleka kwenye mashine ya kuchora mapigo, akarudi na karatasi ndefu. Alimruhusu asikilize mwenyewe kwa kile chombo cha masikioni. Kichwa alisikiliza muda mrefu, macho yamemtoka, kama mtu aliyepigiwa simu na ndugu aliyedhaniwa kapotea.

"Huu moyo hauna kitu," alisema daktari. "Haujatumika tu."

Barua ya kufuta barua iliandikwa hapo hapo. Mhuri aligonga daktari mwenyewe, kwa nguvu, na Karani alipepesa macho kama aliyegongwa yeye.

Jaribio la kwanza lilikuwa jioni hiyo hiyo. Uwanja ni wa udongo mwekundu, magoli hayana nyavu, na kona moja ng'ombe wa mtu hupenda kulala. Msusi alikuja na wateja wawili ambao hawakutaka kupitwa. Wagonjwa kumi wa benchi walikuja pia, wakakaa mahali pao pa siku zote kwa mazoea. Mkuu wa shule alisimama dirishani kwake, akiwaza, kwani mgonjwa mmoja akipona hadharani wazazi wa wengine wataanza kuulizwa maswali.

Kichwa alivaa raba za kuazima zilizozidi mguu kwa nambari moja, na soksi mbili mbili kuziba pengo. Filimbi alipuliza. Kichwa akaondoka kama aliyeona nyoka. Mzunguko wa kwanza aliumaliza kwa dakika moja na nusu, mikono ikikata hewa, na wateja wa mama yake wakapiga vigelegele kwamba imekwisha hiyo. Mzunguko wa pili rangi ya uso ilibadilika. Wa tatu alishika ubavu, akawa anatembea kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka, na ng'ombe aliinua kichwa kumtazama. Wa nne aliumaliza kwa kudra. Alivuka mstari, akapiga magoti, akatapika kwa adabu pembeni ya nguzo ya goli.

Dakika kumi na moja na sekunde ishirini.

Karani alikuwa amesimama karibu na mwalimu tangu mwanzo. Sasa alisogea zaidi, akashusha sauti ile ya masjala, sauti ya kati yetu sisi wawili. Alisema mwalimu ameona mwenyewe jinsi mtoto alivyojitahidi. Alisema saa nazo zina mambo yake, hasa hizi za mkononi. Alisema dakika moja ni kitu gani mbele ya maisha ya mtu.

Filimbi hakukasirika. Alifungua daftari la alama kwenye ukurasa wenye jina la Kichwa, ule uliojaa moyo, moyo, moyo kutoka juu mpaka chini, akampa pamoja na kalamu.

"Andika wewe, mzee. Umezoea."

Kulikuwa na watu wanaosikia. Mteja mmoja wa Msusi aliguna. Karani alishika daftari. Kalamu ilikaa vidoleni mwake vizuri, inajua kwao. Mstari ulikuwa mtupu, nafasi ya kutosha, na hakuna mtu aliyemzuia, hata mkewe. Ng'ambo ya uwanja binti yake alikuwa ameinua uso kutoka kwenye udongo, mate yananing'inia, anamwangalia. Anamwangalia tu.

Akaandika. Aliandika kwa ule mwandiko wake wa kupendeza, herufi zimelala upande mmoja kama majani ya mpunga: dakika kumi na moja, sekunde ishirini, hajafaulu. Akaweka tarehe. Kisha akaomba samahani, akaenda nyuma ya darasa, akakaa huko kidogo.

Alhamisi Kichwa hakuweza kukaa wala kuinuka bila kushikwa. Mapaja yalikuwa mbao. Kwenda chooni ilikuwa safari ya watu wawili. Msusi alimkanda kwa mafuta ya moto akimsimulia vituko vya wateja ili acheke, na alipocheka tumbo nalo likauma, ikawa amekoma kote kote.

Filimbi alipita saa kumi, hakukaa. Alisema jaribio la pili ni kesho saa mbili asubuhi, na tatizo si miguu. Kwenye mzunguko wa kwanza ulikimbia kama mwizi, alisema, na mwizi hahitaji kufika mbali, anahitaji kona tu. Wewe huna kona. Kimbia kama uliyetumwa dukani, chumvi inangojwa lakini nyumba haiungui. Ukiweza kuongea unapokimbia, uko sawa. Ukishindwa kuongea, umezidisha.

Baada ya hapo Kichwa aliomba karatasi. Akagawa dakika kumi kwa mizunguko minne. Akatoa sekunde tano kila mzunguko za akiba. Akagawa tena kila mzunguko kwa pande nne za uwanja, akapata sekunde thelathini na sita na robo kwa upande, akazisoma kimya akipiga vidole kwenye goti mpaka mwendo ukamwingia. Karani alikaa karibu na saa ya simu, akimhesabia. Ilikuwa mara ya kwanza watu hawa wawili wanafanya kazi ya viungo pamoja, ingawa mmoja alikuwa kitini na mwingine hawezi kusimama.

Msusi naye alileta kitana. Alifumua yale mafundo mazito ya bintiye, kazi yake mwenyewe ya wiki nzima, akamsuka mistari myembamba iliyolala kichwani, isiyorukaruka wala kuvuta. Mteja akilipia mtindo huo hulala njaa, alisema, lakini leo ni bure, na usiniharibie.

Ijumaa saa mbili asubuhi Karani aliripoti chumba cha kufulia. Alipewa ovaroli ya mtu mrefu na toroli yenye gurudumu moja lililokataa kuelekea wenzake waendako. Msimamizi wake mpya, kijana wa umri wa kuitwa mwanangu, alimwelekeza: mashuka safi ya wodi zote yapande mteremko mpaka ghorofa ya pili, machafu yashuke, na akirudi arudi tena. Wauguzi waliokuwa wakimwita mzee wa masjala walimpisha njia, wengine kwa heshima, wengine wakitazama ukutani. Mmoja alimuuliza kama amepandishwa cheo. Karani alisema ndiyo, mpaka ghorofa ya pili.

Safari ya kwanza aliiweza. Ya pili alisimama katikati. Ya tatu alikuwa na mlima wa mashuka uliomzidi kimo, na alikuwa amefika nusu ya mteremko pale simu ilipolia mfukoni. Hakuweza kuiachia toroli, kwa kuwa ingerudi naye mpaka chini. Aliizuia kwa mgongo, akakita miguu, akaitoa simu kwa vidole viwili.

Ni Msusi. Alikuwa akizungumza tangu kabla simu haijapokewa. Alisema mzunguko wa kwanza watu walizomea, kwamba mtoto anatembea. Wa pili vile vile. Alikuwa anaongea peke yake, midomo inachezacheza, mteja mmoja akasema amechanganyikiwa, kumbe anahesabu. Wa tatu alitembea kweli kidogo, mama mtu akafumba macho. Wa nne, upande wa mwisho, aliacha kuhesabu akafungua kinywa wazi, akaja.

"Ngapi?" aliuliza Karani.

"Tisa na hamsini na tatu. Mwalimu amesaini, mkuu amesaini, fomu iko njiani. Wale wa benchini wamebeba raba zake kama kombe."

Gurudumu lilijaribu kurudi nyuma, Karani akalisukuma kwa kisigino.

"Mwalimu hakupunguza?" aliuliza mwishowe. "Hata kidogo?"

"Hakupunguza. Saa ilikuwa mkononi mwangu mimi." Msusi akasikiliza. Upande wa pili palikuwa na sauti ya ajabu, ya kukwama na kuvuta, kukwama na kuvuta. Akapunguza sauti. "Baba Kichwa. Unalia?"

"Silii."

"Nakusikia."

"Silii, nakwambia. Niko kwenye mteremko."

Msusi alisema haya, hata ukilia si dhambi, na kwamba mtoto amelala chali kwenye nyasi pembeni ya uwanja, hajambo, anadai chakula, na anataka kuongea naye. Palikuwa na mkwaruzo wa simu ikipokezanwa, kisha pumzi nyingine ikaingia, ya haraka, ya mtu asiyeweza bado kuunga neno na neno.

Wakakaa hivyo, kila mmoja anamsikia mwenzake akihema, mmoja kalala kwenye nyasi na mwingine kaegemea mashuka, mpaka muuguzi akapiga kelele kutoka juu kwamba wodi inangoja.

"Subiri," alisema Karani. "Subiri kwanza nivute pumzi."

"Vuta polepole, Baba," alisema Kichwa. "Kama uliyetumwa dukani."